Tusiitumie Damu Ovyo

Kiswahili chetu si lugha ya ubahili wa maneno, lakini katika jambo la damu kimetupa neno moja tu. Mgonjwa huishiwa damu, huongezewa damu, na jamaa zake huhangaika huku na huko kumtafutia damu. Watu wangali wakisema "chupa mbili za damu", ingawa chupa zenyewe zimetoweka zamani na damu siku hizi hutiwa katika mifuko ya plastiki. Maneno haya hayana ubaya katika mazungumzo ya barazani. Ila yamejenga picha katika vichwa vyetu sote, na tunachelea kuwa picha hiyo imo hata katika vichwa vya baadhi ya wanaopanga matumizi ya fedha za umma: kwamba mwili wa mwanadamu ni kama mtungi, ukipungua hujazwa, na cha kujazia ni kile kile kwa kila mtu na kwa kila maradhi. Picha hiyo si sahihi, na kosa lake hulipwa na mgonjwa kitandani.

Tuanze na kilichomo mfukoni. Mchangiaji hutoa kiasi cha mililita 450. Humo mna chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Mna chembe sahani, vijipande vidogo mno vinavyokimbilia penye jeraha na kupaziba. Na mna plazma, maji ya rangi ya manjano ambamo zimo protini za kuigandisha damu isiendelee kutoka. Mfuko ukizungushwa kwa kasi katika mashine maalumu, vitu hivi hujitenga kwa uzito wake, kama tui linavyojitenga likiachwa usiku kucha: chembe nyekundu hushuka chini, plazma hupanda juu, na katikati hubaki utando mwembamba wenye chembe sahani. Kazi hii haikuwa rahisi zama za chupa za kioo. Mfuko wa plastiki, uliobuniwa na daktari Carl Walter wa Marekani karibu na mwaka 1950, ndio uliowezesha damu kupitishwa kutoka mfuko hadi mfuko bila kuguswa na hewa ya nje.

Vikisha kutengwa, vitu hivyo vitatu haviwezi kulazwa chumba kimoja. Chembe nyekundu hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 6 na, zikitiwa maji maalumu ya kuzihifadhi, hukaa siku 42. Plazma hutaka kugandishwa, nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi kuliko hapo, nayo hudumu mwaka mzima. Chembe sahani hazipendi baridi. Hutaka nyuzi 20 hadi 24, tena zitikiswe polepole usiku na mchana, na baada ya siku 5 aghalabu huwa hazina budi kutupwa. Kwa hiyo damu nzima iliyokaa jokofuni wiki tatu inamfaa mwenye upungufu wa chembe nyekundu, lakini mgonjwa anayevuja damu kwa kukosa chembe sahani haimfai kitu. Atapewa mfuko, atapewa na wa pili, na damu yake itaendelea kutoka.

Hoja yetu leo ni hii. Hospitali zetu kubwa, za Unguja na za Pemba pia, ziwe na uwezo wa kumpa kila mgonjwa ile sehemu ya damu ambayo maradhi yake yanaitaka, na uwezo huo uwe na fungu lake lililo wazi katika bajeti ya Serikali. Kumpa mtu mmoja mfuko mzima, hali anahitaji sehemu moja tu ya mfuko huo, ni kuwanyima wengine wawili waliolala wodi ya pili.

Tumtazame kwanza mtoto mwenye selimundu, maana huyu hakosekani katika mtaa wowote. Hukadiriwa kuwa katika Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na maradhi haya kila mwaka. Maradhi haya yanatufungamanisha hata na jamaa zetu wa Oman: wataalamu waliopima damu za Waomani wamekuta aina za selimundu zilizotoka Afrika zikiwa pamoja na ile ya Arabuni na Bara Hindi, alama ya safari za majahazi ya zamani, za hiari na za kulazimishwa. Mtoto huyu anapohitaji damu, anachohitaji ni chembe nyekundu zilizo nzima, zisizopinda kama mundu. Plazma ya mchangiaji haimwongezei chochote isipokuwa wingi wa maji mwilini.

Na si kila anapoumwa huhitaji damu. Wazazi wengi, mtoto akilia kwa maumivu ya viungo, humshikilia daktari amwongezee damu. Maumivu hayo hutibiwa kwa dawa za maumivu, kwa maji na kwa kutafuta maradhi yaliyoyachochea. Damu huja pale himoglobini inaposhuka ghafla, au kifua kinapobana na pumzi kupungua, au mtoto anapopatwa na kiharusi. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto wa selimundu ambao vipimo vya mishipa ya ubongo viliashiria hatari, walipoongezewa damu mara kwa mara kwa mpango, kiharusi cha kwanza kilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini kila mfuko huacha madini ya chuma mwilini, na madini hayo yakizidi huharibu ini na moyo. Na mwili uliopokea damu za watu wengi huweza kujifunza kuzikataa, hata siku ya hatari ikosekane damu ya kumfaa. Ndiyo maana dawa ya hidroksiyurea, inayopunguza mashambulizi ya maradhi hayo, inastahili kuwamo katika hesabu ile ile ya damu. Anayeinunulia hospitali dawa hiyo ameiwekea benki ya damu akiba.

Mzazi anayetokwa na damu baada ya kujifungua ni habari nyingine kabisa. Huyu hapungukiwi na kitu kimoja. Anapoteza chembe nyekundu, plazma na chembe sahani kwa pamoja, na kwa haraka ambayo haisubiri mtu kwenda kutafuta jamaa mitaani. Kwake damu nzima iliyo mpya inafaa sana, na haturidhiki na wale wanaosema kuwa hospitali ya kisasa haina haja nayo. Madaktari wa majeruhi katika nchi tajiri, waliokuwa wameiacha, wameirudia. Pasipokuwa na damu nzima, hupewa chembe nyekundu, plazma na chembe sahani kwa uwiano. Na lipo jambo ambalo wauguzi wa uzazi wanalijua vyema: katika kutokwa na damu kwa namna hii, protini iitwayo fibrinojeni ndiyo aghalabu inayoanza kupungua. Hiyo hupatikana kwa wingi katika mashapo yanayobaki plazma iliyogandishwa inapoyeyushwa polepole katika baridi. Waganga huyaita mashapo hayo krayo. Judith Pool, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1964 na 1965 kuwa mashapo hayo, yaliyokuwa yakidharauliwa, yana thamani kubwa. Kuyatengeneza hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji friza nzuri, mashine ya kuzungusha na mtu aliyefunzwa.

Hata hivyo ingekuwa aibu kuzungumzia damu ya kumwongezea mzazi bila kuzungumzia damu yake mwenyewe isimwagike. Mwaka 2017 ulitangazwa utafiti wa wanawake zaidi ya 20,000 wa nchi 21, nao ulionyesha kuwa dawa ya kuzuia damu, traneksamiki, ikitolewa katika muda wa saa 3 tangu kujifungua, hupunguza vifo vya kutokwa na damu kwa karibu theluthi. Mwaka 2023 ukaja utafiti mwingine uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na kwetu Tanzania. Huko wakunga walitandika chini ya mzazi kitambaa cha plastiki chenye alama za vipimo, wakaiona damu ilivyotoka badala ya kuikisia kwa macho, kisha wakatoa matibabu yote kwa mkupuo. Hatari kubwa ya kutokwa na damu ilipungua kwa asilimia 60. Kitambaa cha plastiki! Hatukioni kuwa ni kitu cha kusubiri mfadhili.

Kwa watoto wadogo, wenyeji wa visiwa hivi tuna somo letu wenyewe ambalo hatulisimulii vya kutosha. Malaria huzivunja chembe nyekundu, na miaka iliyopita wodi za watoto zilijaa waliopauka viganja na midomo. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria, kisha vikafuata vyandarua vyenye dawa. Uchunguzi wa Wilaya ya Kaskazini A, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kuwa baina ya mwaka 2002 na 2005 kuongezewa damu kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya malaria kulipungua kwa asilimia 67. Theluthi mbili! Hakuna kampeni ya uchangiaji iliyopata kuipa benki ya damu faida kubwa kuliko hiyo. Wanaozembea kupulizia dawa majumbani, na wanaogeuza vyandarua kuwa nyavu za dagaa, wajue kuwa wanaigusa damu ya wenzao.

Mtoto aliyekwisha kufikwa na upungufu mkubwa naye hatibiwi kwa pupa. Utafiti uliofanywa Uganda na Malawi na kutangazwa mwaka 2019 uliwahusu watoto wenye himoglobini ya gramu 4 hadi 6 kwa desilita, wasiokuwa na dalili nyingine za hatari. Waliopewa damu papo hapo na waliosubirishwa chini ya uangalizi hawakupishana katika vifo, na karibu nusu ya waliosubirishwa hawakuhitaji damu kamwe. Tusisahau maneno "chini ya uangalizi": palipo na muuguzi mmoja kwa wodi nzima, kusubirisha ni kutelekeza. Na anayehitaji damu huhitaji kiasi cha uzito wake. Mtoto wa kilo 8 hamalizi mfuko wa mtu mzima. Mfuko mkubwa ukigawiwa katika mifuko midogo iliyoungwa nao tangu kiwandani, damu ya mchangiaji mmoja itawatibu watoto watatu au wanne. Asipofanya hivyo fundi wa maabara, kinachobaki humwagwa.

Wengine watasema: kwa nini tusiwagawie watoto wote vidonge vya madini ya chuma, tukaepukana na haya? Jibu lilitoka Pemba. Huko watoto wa chini ya miaka mitatu waligawiwa madini ya chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa, katika mazingira ya malaria nyingi ya wakati ule, waliogawiwa walikuwa katika hatari zaidi ya kulazwa au kufa. Dunia nzima ilibadili mawazo yake kwa sababu ya watoto wa Pemba. Upungufu wa damu wa minyoo si ule wa malaria, wala wa malaria si ule wa selimundu, na kila mmoja una tiba yake.

Chembe sahani ndizo taabu kubwa ya mtu wa kisiwani. Anayezihitaji ni mgonjwa wa saratani ya damu, au yule ambaye dawa za saratani zimeudhoofisha uboho wake, akaanza kutoka madoa ya damu chini ya ngozi na kuvuja fizi. Mtu mzima mmoja huhitaji chembe sahani zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji 4 hadi 6, na damu yao iwe imeshughulikiwa katika muda wa saa chache tangu ilipotolewa. Uhai wa siku 5, ukitoa siku ya kupima na siku ya kungoja chombo, hubaki nusu. Kwa hiyo chembe sahani hazifai kuwekwa akiba kama mchele ghalani. Hutengenezwa kwa miadi, mgonjwa akijulikana na wachangiaji wameitwa. Hilo lawezekana katika mji mdogo ambamo watu wanajuana, pengine kwa urahisi kuliko katika miji mikubwa. Nazo zisipotezwe kwa wasiozihitaji. Homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hushusha hesabu ya chembe sahani, na jamaa wakiiona karatasi ya maabara hutaharuki. Lakini mgonjwa wa dengi asiyevuja damu hapati faida ya kuongezewa chembe sahani. Hesabu yake hupanda yenyewe homa ikipita.

Wapo pia wachache ambao hesabu za wizara huwapita juu juu. Mvulana wa himofilia, akianguka akicheza mpira, goti hujaa damu likawa kama fenesi. Akipewa chembe nyekundu hakusaidiwa. Kinachomkosa ni protini moja ya kugandisha damu, na tiba yake bora ni dawa iliyotengenezwa mahsusi. Dawa hiyo ikikosekana, mwenye himofilia aina A hupewa krayo. Mwenye aina B hapati nafuu kwa krayo, huyu hurejeshwa kwenye plazma. Daktari asiyepima aina atatibu kwa kubahatisha.

Na mzee mwenye moyo dhaifu, ambaye damu yake imepungua kidogo kidogo kwa miezi, si wa kumiminiwa damu nzima kwa haraka. Moyo wake hauyawezi maji yale yote. Mapafu hujaa, na mtu aliyeletwa akitembea hufa akitwetwa baada ya "kuongezewa". Huyu hupewa chembe nyekundu peke yake, mfuko mmoja, polepole, kisha apimwe kabla ya kuufikiria wa pili. Mfuko mmoja humpandishia mtu mzima himoglobini kwa kiasi cha gramu 1, na mara nyingi gramu hiyo inatosha. Desturi ya kuandika "mifuko miwili" kwa kila mtu, kana kwamba damu ni viatu, haina msingi. Wala plazma si uji wa kumtia mgonjwa nguvu. Anayehitaji plazma ni yule ambaye damu yake haigandi: mwenye ini lililoharibika anayetapika damu, aliyezidiwa na dawa za kulainisha damu, mchumaji karafuu aliyeanguka kutoka juu ya mti akavunjika nyonga na kupoteza damu nyingi. Aliyedhoofu kwa kukosa chakula apewe chakula.

Tunaongeza neno kwa wauguzi, ambao juu yao ndio huangukia mzigo wa mwisho. Tangu Karl Landsteiner alipoyafahamisha makundi ya damu mwaka 1901, tunajua ni damu gani inayopatana na ipi. Ajali nyingi za damu isiyopatana hazitokani na ujinga wa elimu hiyo, hutokana na jina. Katika visiwa ambavyo wodi moja yaweza kuwa na akina Khamis Juma watatu na akina Asha Ali wanne, kusoma jina la mfuko kwa sauti, watu wawili, mbele ya kitanda, si urasimu. Mgonjwa aulizwe jina lake alitaje mwenyewe, pamoja na jina la babu yake.

Sasa tuje kwa anayetoa. Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio mwaka 1975 kuzitaka nchi zote zijenge huduma za damu juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa. Nusu karne imepita, na katika nchi nyingi za Afrika bado jamaa ya mgonjwa huambiwa "leteni watu watoe", naye huenda gatini au sokoni kumtafuta mtu wa kujifanya ndugu, kwa malipo ya chini chini. Mtu anayeuza damu ana sababu ya kuficha maradhi yake. Na damu inayotolewa kwa dharura ya jamaa mmoja haiwezi kupangwa: huja leo kumi, kesho hakuna. Mashine ya kugawanya damu isiyojua kesho itapata mifuko mingapi hulala kwenye vumbi.

Kuna na hofu ya zamani. Enzi za ukoloni, pwani yote na bara waliambiana habari za mumiani, kwamba wapo watu waliotumwa kukamata watu usiku na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa, na waliotuhumiwa walikuwa wazimamoto na watu wa hospitali. Tusiwacheke wazee wetu. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa damu yake ilikwenda wapi ana haki ya kuuliza. Katika mji wa Stockholm, Sweden, mchangiaji hupelekewa ujumbe wa simu siku damu yake inapotumika. Kwetu simu za mkononi zimeenea hadi kwenye madau ya wavuvi. Mchangiaji wa Makunduchi akiambiwa kuwa chembe nyekundu zake zilikwenda kwa mtoto na plazma yake kwa mzazi, bila ya kutajiwa majina, atarudi baada ya miezi mitatu, na mwanamke baada ya miezi minne, bila ya kusukumwa na sheha.

Mwezi wa Ramadhani nao una shida yake, maana wachangiaji hupungua na wagonjwa hawapungui. Mjadala wa kutoa damu na saumu ni wa kale kama mjadala wa chuku na kuumikwa, na masheikh wetu wana uwezo wa kuueleza. Tunawaomba waueleze mapema, katika hotuba za Shaaban, wala wasingoje kuulizwa. Jambo lililo rahisi ni meza za kutolea damu kuwekwa usiku, baada ya futari na tarawehe, karibu na misikiti mikubwa na viwanja vya mpira. Ila mafundi wa maabara nao wapangiwe zamu ya usiku huo, la sivyo mifuko itasubiri hadi asubuhi na chembe sahani zake zitakuwa zimepita wakati wa kutengwa.

Kwa viongozi wetu tuna maneno ya fedha na umeme. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa katika nchi tajiri asilimia 97 ya damu inayokusanywa hugawanywa katika sehemu zake, na katika nchi za kipato cha chini ni asilimia 37 tu. Tofauti hiyo haikuletwa na akili za watu. Imeletwa na friza, mashine na mishahara ya mafundi. Kuanzia mwaka 2004 Serikali ya Marekani ilifadhili huduma za damu katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kazi kubwa ilifanyika. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali hiyo hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje kwa tangazo la siku moja. Mifuko ya damu, vipimo vya ukimwi, vya homa ya ini na vya kaswende si vitu vya kuning'inizwa kwenye uchaguzi wa nchi ya mbali.

Umeme hatuna haja ya kukumbushana sana. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima baada ya hitilafu ya njia ya kuuletea umeme kutoka bara, na kuanzia Disemba 2009 ikakaa tena karibu miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari umetandikwa tangu hapo, na Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Lakini plazma iliyoyeyuka ikiachwa kwa siku haigandishwi upya ikawa kama ilivyokuwa. Anayenunua friza asinunue bila jenereta yake, mafuta yake, na kengele ya kumwamsha mlinzi baridi inapopungua. Tumeona mara nyingi vifaa vya thamani vikizinduliwa kwa ngoma na kukatwa utepe, kisha vikafa kwa kukosa kifaa cha shilingi elfu chache.

Tunawaomba Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, bajeti ya Wizara ya Afya itakapofika mbele yao, waulize mambo haya kwa namba: mifuko mingapi ilikusanywa mwaka uliopita, mingapi kati yake iligawanywa, mingapi ilimwagwa kwa kupitwa na muda, na ni ngapi kati ya hizo zilihusu Pemba. Hospitali za Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee zihesabiwe kila moja peke yake. Chembe nyekundu zaweza kusafiri na boti katika sanduku la barafu, na plazma iliyogandishwa nayo yaweza kusafiri ikilindwa vyema. Lakini bahari ikichafuka na boti zikazuiliwa, mzazi wa Micheweni atategemea kile kilichomo kwenye jokofu la kisiwa chake usiku huo. Kwa kuanzia, tunapendekeza mashine moja ya kuzungusha damu, friza mbili, jenereta moja na mafundi wanne wenye zamu zao, wote wakae Pemba, na tarehe ya kuanza kazi itajwe Barazani.